Shanga Ambazo Mama Hakuzivaa

Sisi tuliokulia Lodwar kabla ya lami, utoto wetu wote tulipigwa picha mara moja, na wengi hata hiyo moja hawakuipata. Uliza mtu wa umri wangu. Atakuambia alikuwa mtoto mnene au mwembamba kwa kusimuliwa tu, ushahidi hana. Leo mtoto anazaliwa, kabla hajafungua macho vizuri ameshapigwa picha ishirini, na zote zimefika Nairobi kwa shangazi zake kabla mama yake hajanywa uji.

Mimi nimesoma mpaka darasa la tatu, kwa hiyo nitaandika vile ninavyosema.

Boma letu lilikuwa ng'ambo ya mto Turkwel, pale ambapo sasa kuna nyumba za mawe na mageti ya chuma. Mto ukikauka, mimi na dada yangu Nakiru kazi yetu ilikuwa kuchimba maji mchangani. Unachimba kwa mikono na kibuyu, unaingia mpaka kichwa chako hakionekani, halafu unangoja maji yajikusanye kidogo kidogo. Huko chini kuna ubaridi mtamu, na mchanga unanuka mvua ya mwaka jana. Nakiru alikuwa akiniambia, "Akai, usigeuke, kuna nyoka nyuma yako." Mimi naruka juu mbio, yeye anateremka kunywa wa kwanza. Alinifanyia hivyo mara nyingi, na kila mara nilitoka mbio. Alikuwa mwongo huyo, Mungu amlaze pema.

Tulikula makoma. Vijana wa sasa wanapita chini ya mikoma na hawainui macho, wanakwenda kununua biskuti. Sisi tulikuwa tunagonga lile tunda kwa jiwe, tunaguguna nyama yake ya kahawia mpaka ufizi unauma, na utamu wake ulikuwa kama sukari iliyoungua sufuriani. Kokwa zake ndizo zilikuwa mbuzi wetu. Nakiru alikuwa na kundi kubwa, kila kokwa na jina lake, na ole wako ukikanyaga mmoja.

Shule ilikuwa ya misheni, ya mabati, na ikifika saa sita mabati yalikuwa yanalia juu yetu, ka! ka! ka!, kwa joto. Daftari hazikutosha. Tuliandika kwa kidole mchangani, mwalimu anapita nyuma yetu, na ukikosea anafuta kwa mguu wake bila kusema neno. Mpaka leo nikikosea herufi naangalia chini nione kama kuna mguu.

Lakini nataka kumwandika mama.

Mama yangu aliitwa Asekon. Tulimjua kwa sauti ya shanga zake kabla hatujamwona. Mwanamke wa Kiturkana wa zamani, shanga zilijaa shingo kutoka mabegani mpaka kidevuni, na hakuzivua, si kwa kulala, si kwa kukamua. Akitembea zilikuwa zinasugua, chwa, chwa, chwa. Zilinuka mafuta na udongo mwekundu. Tukicheza mahali tulipokatazwa, ile chwa chwa ikisikika mbali tulikuwa tunapata nafasi ya kukaa kama watu wema. Alikuwa akituambia, "Mnanidanganya kwa macho, lakini miguu yenu ina vumbi la kule."

Kulikuwa na mdogo wetu wa kiume. Alikuwa ameanza kutembea, ameanza kuita mbuzi. Alikuwa anakaa mapajani mwa mama akiziuma shanga, mate yanamtiririka, mama anamwachia tu. Mwaka mmoja wa njaa surua ilipita katika maboma yetu, ikamchukua kwa siku nne.

Kwetu mwanamke akifiwa hunyoa nywele zote na kuvua shanga. Mama alinyoa, akavua. Na mimi nilijua mdogo wetu amekwenda kabisa siku mama alipotokea nyuma yetu kule mtoni na sisi hatukumsikia. Tuligeuka akawa amesimama pale, kimya, shingo imekuwa ndefu na nyembamba kama ya mtu mwingine. Nakiru alilia. Mimi nilitaka kukimbia.

Siku chache baadaye alikuja mpiga picha kutoka Kitale, juu ya lori la unga. Alitundika kitambaa kikubwa kwenye ukuta wa duka, kimechorwa ngazi za nyumba ya kitajiri na chungu cha maua. Lodwar nzima ilikuja kuangalia. Mimi sikuwa nimeona ngazi maishani. Nilikwenda moja kwa moja nikainua mguu nipande, nikapiga kitambaa teke, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Mama alitushika mikono akatupeleka mbele. Wanawake wakaanza kunong'ona kwamba aliyefiwa hasimami mbele ya watu kujionyesha. Mama hakujibu kwa hasira. Alisema, "Aliyekwenda ameniacha bila hata kivuli chake. Hawa wawili sitaki waende hivyo."

Mpiga picha naye akamwangalia akasema, "Mama, shingo iko tupu. Azima shanga kwa hao wenzako, picha itoke nzuri."

Mama akasema, "Piga vile nilivyo."

Akapiga. Picha ilikuja miezi mingi baadaye na dereva wa lori. Mama alilipa ngozi mbili za mbuzi. Baadaye huzuni ilipokwisha muda wake alivaa shanga tena, akaishi miaka mingi, lakini picha nyingine hakupigwa. Ndiyo hiyo moja. Alipokufa nikabaki nayo mimi, ndani ya fremu ya kioo. Moshi wa jiko uliipiga, mchwa wakala kona moja, na jasho la miaka likaigandisha kwenye kioo.

Sasa nina mjukuu anaitwa Apua, mtoto wa binti yangu wa kwanza. Nimemlea mimi. Ni mwalimu huko Kakuma. Mtoto mzuri, ana heshima, ila anapiga picha chakula kabla ya kula, na akijipiga mwenyewe anachongoa midomo kama ngamia anayefikia tawi. Alikuja likizo akaiona ile picha, akasema, "Ata, hii itaisha yote. Kuna fundi Kakuma anatengeneza picha za zamani kwa kompyuta. Nipe nikusafishie." Ata ni bibi kwa Kiturkana. Nikampa. Nilimwambia aisafishe. Neno lenyewe lilikuwa hilo, kusafisha.

Akairudisha Jumapili moja baada ya ibada. Alikuwa amealika watu, kina mama wa kanisa na jirani yangu Mama Ekal, soda zimepangwa. Fremu mpya ilikuwa kubwa kama mlango wa banda la kuku, imefunikwa kitenge. Akafunua, watu wakapiga makofi na vigelegele.

Niliangalia. Ngazi zilikuwa zinang'aa. Nakiru alikuwa amesimama, na mimi hapo, ngozi zetu laini kama tumepakwa losheni. Katikati alikuwa mwanamke mwenye nywele zilizosukwa vizuri kichwani, na shanga nyekundu, bluu na njano kutoka mabegani mpaka kidevuni.

"Huyu ni nani?" nikauliza.

"Ata jamani! Si ni mama yako?"

"Mama yangu namjua. Nimeuliza huyu ni nani."

Mama Ekal, ambaye mdomo wake haujawahi kufungwa, akasogea karibu na fremu akakodoa macho. "Asekon amerudi usichana," akasema. "Hizi si shanga za mke wa mtu. Hizi ni za msichana wa kuchezea ngoma. Huyu anatafuta mume, jamani, tumwitie wazee!"

Watu wakacheka. Na ilikuwa kweli. Fundi alikuwa amechukua shanga kutoka picha ya msichana fulani kwenye sherehe za utamaduni, wale wanaovaa shanga za plastiki asubuhi na jioni wanazirudisha walikozikodi. Siku hizi shanga hazisemi kitu. Mtu anazivaa kwa sababu zinaingiana na kiatu. Mama yangu walimvisha hizo.

Apua hakucheka.  Nilikunywa soda yao mpaka chupa ikaisha.

Watu walipoondoka nikamkalisha chini, nikamwambia. Nilimwambia habari ya surua, na kunyolewa, na mpiga picha aliyesema azima shanga. Nilimwambia, "Mjukuu wangu, mama yangu aliambiwa aazime akakataa mbele ya Lodwar nzima. Ninyi mmemvisha wakati hawezi tena kukataa."

Apua alilia kwa sauti, kama mtoto. "Nilifikiri zimefutika, Ata. Nilisema mwanamke wa Kiturkana bila shanga, watu watacheka. Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Hukuuliza."

Lakini baadaye nilijiuliza, angeuliza ningesema? Mdogo wetu hakuna aliyemtaja nyumbani kwetu tangu siku ile. Tulifundishwa kunyamaza, na tulijifunza vizuri kupita hesabu.

Nikamwambia, "Haya, basi. Nirudishie yangu ya zamani."

Hapo akaangalia miguu yake. Akatoa bahasha kwenye mkoba. Fundi alikuwa amejaribu kuibandua picha kutoka kwenye kioo, ikapasuka. Ngazi zilikuwemo, miguu yetu ilikuwemo, uso wa Nakiru nusu. Kuanzia kidevu cha mama mpaka kifuani ilikuwa imebaki kwenye kioo ikawa magamba. Akasema kabla ya kubandua, fundi aliinakili kwanza kupitia kioo, na hiyo nakala iliingia kwenye kompyuta. "Ila aliniambia mashine yake ikijaa anafuta, Ata. Na ni zaidi ya mwezi sasa."

Tukampigia simu. Hapatikani. Tukampigia kesho yake, hapatikani.

Sasa nitasema kitu ambacho sikumwambia Apua. Ile picha mpya ilikaa sebuleni siku mbili, na siku ya pili, nilipofumba macho nimtafute mama yangu, alikuja yule mwenye shanga. Nilifumbua, nikafumba tena, akaja yeye yule. Anapendeza, anatabasamu kidogo. Mama yangu wa kweli, yule wa kule mtoni aliyetutisha kwa ukimya, alikuwa ananitoka. Na akinitoka yeye, yule mtoto anakwenda naye, maana hana mahali pengine popote. Nilifunika ile fremu kwa kitenge chake, nikamwambia Apua, "Twende Kakuma."

Njia ya Kakuma siku hizi ni lami, unafika kabla hujachoka kukaa. Enzi za baba tulikuwa tunakwenda huko na mbuzi, tunalala njiani, tunajua kila kisima na mwenyewe. Apua alijaribu kunisimulia hadithi za wanafunzi wake. Sikuwa nasikia. Mtu mzima akiogopa hana pa kuiweka hofu yake, anakaa nayo tu.

Fundi anaitwa Baba Furaha, mkimbizi kutoka Kongo. Kibanda chake ni cha mabati, ndani ya soko la kambi, kina sola juu na ukuta mzima wa picha za maharusi. Ni mtu mpole, shati limepigwa pasi. Simu yake, kumbe, ilikuwa imeanguka kwenye ndoo ya maji.

"Karibu, mama, mukae. Mwalimu, karibu."

Sikukaa. "Ni wewe ulimvisha mama yangu shanga?"

Akamwangalia Apua, akaniangalia mimi. "Ni miye, mama. Haikupendeza?"

"Imependeza sana. Ndiyo shida yake."

Apua akamweleza, kwa maneno machache, sauti chini. Yule mwanaume akavua miwani yake akaishika mkononi. "Pole, mama. Pole sana. Kule kwetu pia mwanamke akifiwa anajulikana. Lakini kwa shingo kulikuwa alama nyeupe, moja juu ya ingine. Nikasema hizi ni shanga, foto imezikula. Nikasema nizirudishe, mama apate heshima yake."

"Nakala ya kwanza ipo?"

Akafungua mashine. Tulisimama nyuma yake, mimi na Apua, naye ameshika mkono wangu kwa nguvu kana kwamba mimi ndiye mtoto. Akatafuta, akatafuta. Akasema, "Ya mwezi uliopita nimekwisha kufuta, mama."

Nikakaa. 

"Ngojeni," akasema. Akavuta droo, akatoa kopo la maziwa ya unga, ndani kuna vile vijiti vidogo vya kuhifadhia vitu vya kompyuta, kila kimoja kimefungwa uzi wa rangi. "Za arusi ninafuta. Za pasipoti ninafuta. Foto za wazee naweka nakala, siwezi kuzifuta. Zetu siye zilibakia kule zote, hata ya baba yangu sina."

Akachomeka cha kwanza, hakuna. Cha uzi wa kijani, hakuna. Cha tatu, akapiga vidole viwili mezani, akasema, "Ni huyu?"

Alikuwa ni yeye. Na moshi wake, na shimo la mchwa, kichwa kimenyolewa, macho yanaangalia kamera kama anayeidai jibu.

Baba Furaha akamkuza mpaka shingo ikajaa kioo chote. "Muone, mama. Alama hizi ndizo zilinidanganya."

Nilivaa miwani. Miaka yote nimekaa na picha hiyo, ndogo kama kiganja, ukutani kwenye moshi, sikuwahi kuziona. Mistari hafifu, myeupe kidogo kuliko ngozi, inazunguka shingo, mmoja juu ya mwingine, kama ile ambayo Turkwel inaiacha ukingoni ikiendelea kupungua.

"Hizo si shanga," nikasema. "Na si doa. Ni mahali shanga zilipokaa. Hiyo ni ngozi ambayo haikuona jua tangu akiwa msichana."

 Nje mtu alikuwa anauza samaki wakavu wa Kalokol kwa Kiarabu cha Juba, na mteja anamjibu kwa Kisomali, na walikuwa wanaelewana vizuri sana. Mimi niliweka kidole kwenye kioo. Baba Furaha alitaka kusema usiguse, nikaona amefungua mdomo, halafu akaufunga.

Tulikaa hapo mpaka alasiri. Nilikataa kuondoka, nikakaa begani kwake. Yeye anauliza, mimi najibu. Hili la mchwa? Jaza. Huu moshi? Ondoa. Nywele? Asiguse hata unywele, hazipo. Chini, kwenye ile ngazi ya kwanza, kulikuwa na alama ya vumbi, akataka kuifuta. Nikamwambia, "Acha, huo ni mguu wangu." Apua akacheka mara ya kwanza tangu Jumapili, akanitaka nimsimulie, na Baba Furaha akasimamisha kazi asikie. Kwa ile mistari ya shingoni nilimwambia asiitie giza, asiitie mwanga, aiache kama ilivyo. Akanijibu, "Mama, hiyo hata mkono wangu unaiogopa sasa."

Alipomaliza akauliza tuandike nini chini. Apua akasema jina la mama yangu, na Nakiru, na langu. Fundi akaandika.

"Ongeza Ewoi," nikasema.

Apua akageuka. "Ewoi ni nani, Ata?" Halafu akajua mwenyewe, nikaona amejua.

Baba Furaha akahesabu kwa kidole, taratibu, asinikosee. "Watu ni watatu, mama. Majina yatakuwa ine."

"Andika."

Simu ya Apua ina picha maelfu. Nikimwonyesha mtu humo nikauliza huyu ni nani, ananiambia, "Simjui, Ata, alikuwa tu amesimama hapo." Simwonei. Ndivyo walivyo wote, wana sura nyingi kuliko wanavyoweza kukumbuka, na zikipotea zote kwa siku moja wanapiga nyingine. Sisi hatukuwa na picha. Tulikuwa na sauti ya mtu akija, na harufu yake, na mahali alipokuwa akikaa, na akiondoka ulijua ameondoka, maana hata mwili wa mama yako ulibadilika. Sitaki kusema kwetu kulikuwa kuzuri. Surua ilikuwa kwetu. Lakini mtu mmoja mdogo, asiyejua hata kuita mbuzi vizuri, aliacha shingo nzima wazi, na leo sijui mtu mzima akiondoka anaacha nini wazi.

Picha iko sebuleni, ndogo, nyeusi na nyeupe. Wageni wanasoma majina, wanahesabu watu, wanahesabu tena, wananiuliza wa nne yuko wapi. Nami siku hizi najibu. Ninawaambia wasogee karibu, waangalie shingo ya mama.